Nesi Aliyekuwa Akiijibu Redio

Watu wengi husikiliza redio. Nesi wetu alikuwa akijibizana nayo. Ukipita nyuma ya soko la Bariadi wakati wa taarifa ya habari, ulisikia sauti mbili kutoka dirishani kwake: ya mtangazaji, tulivu, imenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, na ya kwake ikimkatiza. Nani kasema? Hapo umeruka. Na mwenzake je? Mgeni angedhani mle ndani kuna mume na mke wanaogombana, na mume ni mpole kupita kiasi.

Mimi kibanda changu kilitazamana na dirisha hilo. Niliuza betri, tochi na mitumba, na mtu anayegombana na redio kila siku ni mteja mzuri wa betri. Kwa hiyo nilimfahamu kwa miaka mingi, yeye upande wake wa meza na mimi upande wangu, na hadi leo sijui nani alimpunja mwenzake. Nimepiga hesabu mara mbili. Mara zote mbili inaonekana ni yeye aliyenipunja mimi.

Hakuwa akiomba kupunguziwa bei. Kuomba kuliwahusu wengine. Yeye aliishika betri, akaigeuzageuza kama anayemkagua mtoto mwenye homa, akasema, "Mchuuzi, hii imelala dukani mpaka imechoka. Nipe bei ya mgonjwa." Nikikataa, alinieleza jinsi ninavyokohoa, na kwamba kikohozi cha namna ile yeye anakifahamu. Nilishusha bei ili aache kunitazama kifua. Betri zikiisha nguvu hakuzitupa. Alizianika juu ya bati la jiko lake pamoja na mihogo, akazirudisha kwenye redio jioni, zikafanya kazi siku nyingine kwa kumwogopa tu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Kabla ya hapo betri ilipatikana kwa kujuana na meneja wa duka la ushirika; sasa zilijaa sokoni, za kila rangi, nyingine zikivuja kabla hujafika nazo nyumbani. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na magari yao, na mizani yao pia, na kila mkulima aliyetoka kupima alikuwa na jambo la kusema kuhusu mizani hiyo. Kila kitu kilikuwa na bei mbili na ya tatu ya kuchagua. Habari peke yake haikuwa na soko. Redio tuliyoisikiliza ilikuwa moja, ya umma, na kikisemwa humo kimesemwa. Vijijini watu walizima ubishi kwa kusema, "Redio imetangaza," na mbishi akanywea.

Nesi alikuwa ameshastaafu zahanati, lakini kustaafu kwenyewe hakukufika kwa wagonjwa. Wanawake walikuja kutoka Mwamapalala na mbali zaidi, na kwanza aliwagombeza. Aliwagombeza kwa kuchelewa, kwa kuwahi, kwa kumbeba mtoto vibaya. Nilimsikia akimfokea mama mmoja hadi mama akalia, kisha akamtengenezea uji na kukaa naye mpaka jua lilipopungua. Waliokuwa vikongwe aliwatazama macho. Huku kwetu kuni ni shida. Watu wanapikia mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake mama akiuvumilia miaka yote ya ndoa, macho yanageuka mekundu kama amelia tangu harusi. Nesi alikuwa na tyubu za dawa ya macho, akizigawa kwa ubahili wa kutisha, tone kwa tone.

Na tone lile halikuwa la macho tu. Kila mtu wa kwetu anajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa yakisomwaje: mchawi huyo.

Usidhani alikuwa malaika. Kwaya ya kanisani kwake iliimba vizuri zaidi siku asipokwenda, na alikwenda kila siku. Redio yake hakumwazima mtu, hata kwa fainali ya mpira. Alitupa nafasi ya kusimama nje ya dirisha, na sauti aliipandisha kwa kiwango alichotaka yeye. Alikemea waganga mchana kutwa, lakini kwenye mkebe wake wa chai kulikuwa na mzizi wa tumbo aliopewa na mmoja wao, na nilipomuuliza akasema mzizi hauna kosa la kujibu kwa ajili ya mwenye duka.

Kitu pekee alichokisikiliza bila kukijibu kilikuwa matangazo ya vifo. Yalipoanza, kijiko kilitua. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpendwa, mazishi yatafanyika kesho, habari ziwafikie fulani wa Nyashimo, fulani wa Musoma, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Majina yalishuka kama mbegu kwenye kikapu. Nilimwambia siku moja kwamba hafahamu hata nusu ya watu hao, anawaombolezea nini. Alijibu kwamba hapo ndipo redio inapokuwa na adabu: maskini na tajiri wote wanatajwa majina yao, na watu wao wanatajwa. Kwenye habari, alisema, adabu hiyo wanaiacha mlangoni.

Maneno hayo niliyaona kama manung'uniko ya kawaida, mpaka wiki ya mauaji mawili.

La kwanza, mnunuzi wa pamba alivamiwa na majambazi karibu na Nyashimo, akapigwa risasi. La pili, huko Migato, mwanamke mzee aliyeitwa Minza ng'wana Luhende alikatwakatwa kwa mapanga nyumbani kwake. Ng'ombe wa majirani walikuwa wamekufa kwa mfululizo, na Minza alikuwa na macho yale. Nesi alimfahamu. Watoto wa nyumba ile wote walikuwa wamepita mikononi mwake, wa Minza na wa mke mwenzake, Kabula.

Taarifa ya habari ikasoma yote mawili. Mnunuzi alitajwa jina, kabila, watoto wake, ukarimu wake, na kamanda wa polisi akasikika mwenyewe akiahidi msako mkali. Kisha, kabla ya michezo: mwanamke mmoja kikongwe, aliyekuwa akituhumiwa kwa uchawi, ameuawa na watu wasiojulikana wilayani Bariadi.

Siku hiyo Nesi hakuijibu redio. Aliizima, akavuka njia, akasimama mbele ya meza yangu bila kushika betri yoyote.

"Mchuuzi, yule mnunuzi alituhumiwa nini?"

Nilimwambia, kupunja mizani, na waliomtuhumu nilikuwa nimewauzia soksi jana yake.

"Basi mbona hawakusema, 'mnunuzi mmoja aliyekuwa akituhumiwa kupunja mizani ameuawa'?"

Nimebishana na watu wa kila aina maishani, na najua swali lisilo na bei ya kushusha. Na asije mtu akadhani alimwonea wivu yule tajiri. Alikwenda msibani Nyashimo, akakaa mkekani na wajane wake, akasema marehemu alistahili kila neno alilosemewa. Alichotaka ni hayo hayo kwa Minza.

Lakini aliye hai ndiye aliyemkosesha usingizi. Kabula alikuwa amekimbilia kwake siku ile ile ya mauaji, na kitambaa kimoja na kuku mmoja. Sasa alikaa nyuma ya nyumba ya Nesi, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mwanawe mkubwa alikuja kwa baiskeli kuleta habari za kijijini. Alisema mwanzoni vijana wengi waliona aibu, hata wazee wa sungusungu walianza kuulizana maswali. Tangu taarifa ile, aibu imekwisha. Wanasema, mmesikia wenyewe, redio imetangaza alikuwa mchawi. Na mke mwenzake alikuwa akipika naye jiko moja.

"Mama asirudi," kijana alimaliza. Shamba la pamba lilikuwa limefika kupaliliwa, na mikono ya mama yake ndiyo iliyohitajika huko. Alisema hivyo akiangalia gurudumu la baiskeli.

Nesi akaanza vita yake. Mwakilishi wa redio wilayani alikuwa kijana mwembamba mwenye kinasa sauti begani, akituma habari kwa simu ya posta. Nesi alimkamata kibandani kwangu akinunua betri, jambo ambalo lilinikosesha mauzo. Kijana alijitetea kwa heshima. "Shikamoo, mama. Mimi natuma ninachopewa na polisi."

"Na polisi walipewa na nani?"

"Na wanakijiji waliokuwepo, mama."

"Waliokuwepo," alirudia Nesi. "Kwa hiyo aliyeshika panga ndiye aliyewasimulia marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na ninyi mkasoma."

Kijana aliweka betri mezani akaondoka bila kuzinunua. Nilimwonea huruma, na Nesi pia, nadhani, kwa sababu baadaye alimpelekea dawa ya mafua ambayo hakuiomba.

Mwezi uliofuata gari la redio lilikuja sokoni kurekodi kero za wananchi. Nesi alivaa gauni la kanisani. Alisema yote mbele ya kipaza sauti, kwamba redio ya umma inapendelea, kwamba ina kifo cha mtu na kifo cha mtuhumiwa, kwamba neno moja la habari linaweza kunoa panga. Alisema bila kufoka; mimi nilikuwepo, na sikuwahi kumsikia akisema taratibu hivyo. Watu wa sokoni walisahau kuuza.

Kipindi kilipotangazwa tulijaa dirishani kwake. Kero ya maji ilisikika, kero ya barabara ya Lamadi ikasikika. Kisha sauti ya Nesi: "Mwangaluka, nawasalimu wasikilizaji wote." Halafu muziki.

Hakuna aliyecheka, na Bariadi hucheka haraka. Nesi aliendelea kuitazama redio kama anayengoja mgonjwa amalize sentensi. Nilitaka kumfariji, na mimi faraja yangu ni maneno ya biashara. Nikasema, Nesi, hao jamaa sasa wanaishi kwa kujitegemea. Mlango wa habari umefungwa, lakini dirisha la matangazo liko wazi kwa yeyote mwenye kulipa. Mpeleke Minza kwenye matangazo ya vifo, huko hawakati mtu.

Ulikuwa utani. Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na kikapu, akiniuliza kama nina viatu vingine, kwa sababu safari ya Mwanza na ndara hazipatani.

Kwenye basi tuliandaa tangazo, na hapo ndipo tuligombana kweli. Redio ilitoza kwa neno. Mimi nikaona neno "mpendwa" litoke, kila marehemu ni mpendwa, wasikilizaji watajaza wenyewe. Likatoka. "Ghafla" likatoka. Nilipofika "bila kosa lolote" akaweka mkono juu ya karatasi, mkono ule uliokwisha vuta mamia ya watoto duniani, na nikaelewa kwamba hapo soko limefungwa.

Karani wa matangazo kwenye ofisi ya redio ya Mwanza alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mstaarabu, na alifanya kazi yake ipasavyo. Alisema neno "aliuawa" ni mali ya chumba cha habari; kwenye vifo tuseme "kilichotokea". Nikaona sasa ni zamu yangu. Nilimpa "na majirani zake", ambalo nilikuwa nimeliweka makusudi ili nipate cha kuachia. Alilikata kwa furaha. Nikamwachia na "mapanga". Alipokuwa ameshashinda mara mbili, hakuwa na moyo wa kutunyima "aliuawa". Likabaki "bila kosa lolote", akasema hiyo ni hukumu.

"Na 'aliyekuwa akituhumiwa' ni nini, mwanangu?" Nesi alimuuliza.

Karani alivua miwani. Sijui kama alikuwa amesikiliza taarifa ile au alikuwa na mama yake mahali. Aliivaa tena, akaendelea kusoma kwenye orodha ya wa kufikiwa na habari: Kabula wa Migato, kwa sasa Bariadi, wana wa marehemu, wanakwaya, wakulima wenzake wa pamba, na mhariri wa habari wa redio hii.

"Kumbe mhariri wetu ni ndugu yenu? Jamani, poleni sana."

"Asante," alisema Nesi. "Ni ndugu yetu, ila yeye hajui bado."

Karani akapiga mhuri.

Tangazo lilisomwa siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana. Tulirudi kwa wakati. Ile sauti tulivu, iliyopigwa pasi, ilisoma: Nesi mstaafu wa Bariadi anasikitika kutangaza kifo cha dada yake, Minza ng'wana Luhende, mkulima wa pamba, aliyeuawa bila kosa lolote nyumbani kwake Migato. Ikataja kila jina. Ilipofika kwa mhariri haikusita. Msomaji husoma kilicho mbele yake. Kabula alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alisikia jina lake mwenyewe likitoka redioni, akaitikia kama anayeitwa na mtu wa heshima, "Labeka."

Nesi alichukua kijiko chake akaendelea kula.

Kilichotokea Migato hakuna aliyekipanga. Mwana wa Kabula alikuja mbio, tairi la baiskeli limepungua upepo. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia, na hawakuzungumza juu ya "bila kosa lolote". Walizungumza juu ya jina la mwisho. Kule kwetu anayetajwa kwenye tangazo la kifo ni ndugu, hakuna mtu mwingine anayetajwa hapo. Kwa hiyo mkuu wa habari wa redio ya taifa zima ni ndugu wa Minza, na kama ni ndugu wa Minza basi ni shemeji wa Kabula. Mwenyekiti alikuwa ameitisha mkutano. Mzee mmoja wa sungusungu alisimama kuuliza ni nani aliyethubutu kugusa nyumba ya watu wa namna hiyo, na vijana waliokuwa wakisema sana walikumbuka kwamba wana ndugu Sengerema wa kuwatembelea. Wawili hawakuwahi kufika huko. Polisi waliwachukua njiani, na safari hii waliowataja walitaja kwa majina.

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Nesi alikunja uso.

"Nilitaka waone aibu," alisema. "Wameona woga."

"Nesi, mbona umepata zaidi ya ulichoomba."

"Nimepata kingine." Akafikiri kidogo. "Haya, tutaanzia hapo hapo." Akaingia ndani kumfungia Kabula dawa ya macho.

Kabula alirudi kwake kabla ya palizi kuisha. Kwa muda nilisikiliza taarifa za habari kwa makini, mimi ambaye zamani nilisubiri bei za mazao tu. Mara kadhaa vikongwe waliouawa walitajwa majina yao, bila tuhuma. Kisha neno lile lilirudi, likatoka tena, kutegemea nani yuko zamu. Nesi hakudai ushindi. Aliendelea kujibizana nayo, akaandika, akamkamata kila mwakilishi mpya aliyeletwa wilayani na kumpa elimu pamoja na dawa ya mafua. Redio za binafsi zilipoanza kusikika hewani nilimwambia sasa achague. Alizisikiliza siku chache. Alisema hizi zinamtaja marehemu jina lake vizuri, na jeraha lake pia, na damu ilifika wapi. Akarudi kwenye ugomvi wake wa zamani, kama mtu anavyorudi kwenye ndoa.

Mara ya mwisho kumwona vizuri ilikuwa Migato. Nilikuwa nimepeleka mitumba mnadani, nikasikia Kabula amefariki, nikaenda na bidhaa yangu kichwani. Nesi alikuwa uani kwa marehemu, mzee sasa, mwembamba, ameketi karibu na jiko la wapishi. Moshi ulikuwa ukimjia usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kabisa. Wanawake wa kijiji walimpita na sufuria, wakimwita mayu, yaani mama, wakimwomba asogee kidogo. Hakusogea.

"Mwangaluka, mayu," nilimwambia.

"Mhola," aliitikia. "Umezidi kukohoa." Akanipa karatasi. "Kesho unapita Mwanza kuchukua mzigo. Hili lisomwe mchana."

Nikasoma nikiwa nimesimama. Kabula, mkulima wa pamba, mama na bibi, amefariki dunia kwa uzee, usingizini, kitandani kwake, nyumbani kwake Migato. Habari ziwafikie wana na wajukuu wake. Habari zimfikie mhariri wa habari wa redio hii.

Kwa mazoea kidole changu kilishaanza kutembea. "Usingizini" na "kitandani" ni kitu kimoja. "Nyumbani kwake" ilikuwa imeshamezwa na hivyo viwili. Mteja mwingine ningemwokolea maneno matatu kabla hajakaa. Niliinua macho, nikamkuta Nesi ananitazama kwa macho yale, bila kuuliza kitu, kama alivyokuwa akitazama betri.

Nikayahesabu tena kutoka mwanzo. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni na maneno yake yote.